Mama wa Watoto na Ndoto ya Mbio Ndefu

Alhamisi moja, baada ya kikao cha akina mama hapa Msangeni, tulikaa nje ya kanisa tukimsubiri mwenye ufunguo wa stoo. Anga lilikuwa jeupe, na Mlima Kilimanjaro ulionekana hadi kwenye theluji. Ndipo mwenzetu mmoja, mama wa watoto watano, akasema polepole kama anayejisemea: "Mimi natamani siku moja nikakimbie zile mbio za Moshi. Zile ndefu, za kilomita 42."

Tulicheka. Mmoja wetu akamwuliza, "Utakimbia na mzigo wa kuni kichwani?" Naye akacheka pamoja nasi, lakini usoni alionekana ameumia. Njia nzima ya kurudi nyumbani hakulitaja tena jambo lile.

Wasomaji wapenzi, tangu siku ile kicheko chetu kimetusumbua. Kama angesema anataka kufungua duka, tungempa shauri. Kama angesema anataka kujiunga na kwaya, tungemshangilia. Kwa nini basi tuone ni kichekesho mama kutaka kutumia mwili wake kwa jambo alilolipenda mwenyewe? Tumeona vema tulizungumze, kwa maana tunaamini hayuko peke yake.

Je, ni ndoto ya kipumbavu?

Kwanza tukumbuke nguvu tulizo nazo tayari. Mama wa milima ya Upare huamka kabla ya jogoo, huteka maji, hushuka na kupanda makorongo na kuni kichwani, na mtoto mgongoni. Tukiitwa kwenye msaragambo kuzibua mfereji au kusafisha ndiva, tunatoka na majembe. Uvumilivu tunao. Tunachokosa ni muda na ruhusa.

Pili, tujue kwamba hata dunia ilichelewa kuamini. Kwa miaka mingi wakubwa wa michezo walidhani mwili wa mwanamke hauwezi kustahimili umbali mrefu. Mwaka 1967 Kathrine Switzer alipokimbia mbio za Boston huko Marekani, afisa mmoja alimvamia barabarani akitaka kumnyang'anya namba yake. Wanawake waliruhusiwa rasmi katika mbio hizo mwaka 1972. Mbio za Comrades za Afrika Kusini, zenye karibu kilomita 90, zilianza mwaka 1921, lakini wanawake walikubaliwa rasmi mwaka 1975. Na katika Michezo ya Olimpiki, marathoni ya wanawake ilianza mwaka 1984.

Milango ilipofunguliwa, dada zetu waliingia. Mwaka 1994 Tegla Loroupe wa Kenya alishinda mbio za New York, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kufanya hivyo. Mwaka 2023 Magdalena Shauri wa hapa Tanzania alishika nafasi ya tatu mjini Berlin. Na mwaka 2019 bibi mmoja wa Marekani, Anne Lorimor, alifika kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, akiwa na umri wa miaka 89.

Utasema, "Loroupe na Shauri ni wanariadha, kukimbia ndiyo kazi yao." Ni kweli. Lakini mbio za Moshi, ambazo hufanyika kila mwaka mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, si za wanariadha peke yao. Kuna kilomita 42, kilomita 21 na kilomita 5, na wengi wanaojitokeza ni watu wa kawaida ambao hawatarajii zawadi yoyote.

Keti kwanza uhesabu gharama

Bwana wetu alifundisha, katika Luka 14, juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: yampasa aketi kwanza na kuhesabu gharama. Nasi tuhesabu.

Kuna fedha: kiingilio, nauli ya kwenda Moshi na viatu vinavyofaa. Kuna muda: nani atawasha moto asubuhi ambayo mama yuko barabarani? Na kuna amani ya nyumba. Tunashauri sana jambo hili lisifanywe kwa siri. Mama akionekana anakimbia alfajiri peke yake, mumewe asijue, maneno yatafika nyumbani kabla yake. Chagua saa njema, chakula kikiwa kimeliwa, umwambie: "Baba watoto, nina jambo, naomba unisikilize mpaka mwisho." Pengine atacheka kama sisi tulivyocheka. Mpe nafasi ya kufikiri, kisha mrudie. Na mama mkwe akiuliza, "Mke wa watu anakimbia nini?" jibu kwa heshima kwamba unatunza afya yako ili uwalee wajukuu wake. Vaa kwa staha, tafuta mwenzi wa kufuatana naye, wala usipite njia za upweke gizani.

Lakini pia jiulize mwenyewe: je, nakimbilia jambo jema, au naikimbia nyumba yangu? Mama aliye katika ugomvi mzito au anayepigwa hataponywa na kilomita 42. Huyo atafute kwanza mtu wa kumwamini, amweleze, asaidiwe.

Mwili ni hekalu

Usianze kabla ya kupimwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Mama mwenye damu pungufu akilazimisha mbio atachoka upesi na anaweza kuanguka. Pima damu na presha. Kama umejifungua karibuni, au ulijifungua kwa upasuaji, mwulize mkunga au daktari kwanza. Kama mkojo hukutoka unapokimbia au kukohoa, usione haya kusema. Ni tatizo la wengi, na lina msaada.

Ukiruhusiwa, anza kwa kutembea haraka nusu saa, siku tatu kwa wiki. Kisha changanya kutembea na kukimbia, ukiongeza kidogo kidogo, na siku moja ya wiki iwe ya safari ndefu. Pumzika siku zinazobaki. Kwetu milimani mteremko huumiza magoti kuliko mpando, kwa hiyo teremka kwa kutembea. Kwa asiyezoea, miezi sita ya kujiandaa kwa kilomita 21 si mingi.

Kula vizuri: makande, ndizi, viazi, mboga za majani. Nabii Eliya mwenyewe, kabla ya safari yake ndefu, aliamshwa na malaika mara mbili ili ale. Safarini kunywa maji kwa kufuata kiu. Maji mengi kupita kiasi hupunguza nguvu ya chumvi mwilini, nayo ni hatari. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuchanganyikiwa, simama mara moja.

Kumaliza na kuacha

Watanzania wote tunamkumbuka John Stephen Akhwari, aliyekimbia marathoni ya Olimpiki mjini Mexico mwaka 1968. Alianguka akaumia goti, lakini aliendelea akiwa amefungwa bendeji, akamaliza wa mwisho kati ya 57, saa moja na zaidi baada ya mshindi. Tunamheshimu mno.

Hata hivyo, tukumbuke kwamba siku ile walianza 75. Wale 18 walioacha njiani hawakutenda dhambi. Mama anayenyonyesha, mama ambaye shamba na ada vinamtegemea, asione aibu kusimama mwili ukikataa. Mbio za mwakani zitakuwepo. Mtume Paulo aliposema juu ya kupiga mbio aliizungumzia safari nzima ya imani, na safari hiyo haiishi kwa kuacha shindano moja.

Mwenzetu yule tulimwendea baadaye nyumbani kwake tukamwomba radhi. Alitukaribisha chai, akatuambia kwamba mumewe alikuwa amekwisha kubali, kwa sharti kwamba asiende peke yake. Sasa kila Jumamosi wawili wetu tunafuatana naye. Tumepanga tuanze na zile kilomita 5, Mungu akipenda. Sisi zinatutosha. Yeye bado anazitaja zile 42.

Na wewe dada msomaji, huenda unayo ndoto uliyoificha kwa kuogopa kuchekwa. Mwambie mwenzako Alhamisi hii. Na wewe utakayeambiwa, tafadhali usicheke kama sisi. Mwulize ataanza lini.