Vigae vya Uha: Jinsi ardhi ya Kasulu na Kibondo inavyosomwa
Na Mwandishi Wetu, Kasulu

MKULIMA wa maharage katika vilima vya Kasulu au Kibondo jembe lake linapogonga kigae cha chungu cha zamani, kwa kawaida hukitupa kando ya shamba na kuendelea na kazi. Kwa mwanaakiolojia, kitendo hicho ni sawa na kuchana ukurasa wa kitabu kisicho na nakala nyingine.

Uha, nchi iliyotawaliwa na Bami wa himaya kadhaa, zikiwamo Heru kwa upande wa Kasulu na Muhambwe kwa upande wa Kibondo, haikuacha majumba ya mawe kama yale ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Nyumba za asili za Waha zilijengwa kwa miti na nyasi, ambavyo huoza na kutoweka katika muda mfupi. Ndiyo maana wageni wengi hupita wakiamini kuwa hapa hakuna cha kuona.

Je, historia ya mahali kama hapa husomwaje?

Kazi huanza kwa mazungumzo na wazee, si kwa sururu. Katika nyanda hizi watu wamehamishwa zaidi ya mara moja. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwakusanya wakazi katika makazi mapya kutokana na ugonjwa wa malale, na miaka ya 1970 ikaja operesheni ya vijiji. Kila uhamisho uliacha mahame, na wanaoweza kuyaonyesha kwa kidole wanapungua mwaka hadi mwaka.

Baada ya hapo watafiti hujipanga mstari na kutembea polepole shambani, wakiacha nafasi sawa kati yao. Kila kigae, kila bonge la mavi ya chuma na kila jiwe la kusagia huandikwa mahali lilipoonekana, siku hizi kwa kifaa kinachopokea vipimo kutoka kwenye satelaiti. Vitu vinapoonekana vingi mahali pamoja, hapo huenda palikuwa na makazi au tanuri.

Ndipo huchimbwa shimo dogo la majaribio, mara nyingi la mita moja kwa mita moja. Udongo huondolewa tabaka kwa tabaka na kupitishwa kwenye chekecheke. Kanuni ni nyepesi: mahali ambapo udongo haujavurugwa, kilicho chini ni cha zamani kuliko kilicho juu. Hata nyumba iliyooza huacha ushahidi, kwani nguzo iliyochimbiwa ardhini ikishaoza huacha duara la udongo wenye rangi tofauti. Maduara hayo yakipangika mviringo, mtafiti anajua hapo palisimama nyumba.

Umri hupatikana kwa kupima makaa ya jikoni. Kila kiumbe hai hubeba kaboni 14, ambayo hupungua kwa nusu katika kila miaka 5,730 baada ya kiumbe hicho kufa. Kipande cha mkaa kilichookotwa juu juu hakisaidii sana. Kilichotolewa katika tabaka linalojulikana, pamoja na vigae vyake, ndicho chenye thamani.

Mfano ulio karibu ni Uvinza, kusini mwa Kasulu. Mwaka 1967 watafiti J.E.G. Sutton na Andrew Roberts walichimba kwenye chemchemi za chumvi za hapo na kukuta vigae na masalia ya majiko ya kuchemshia maji ya chumvi. Vipimo vilionyesha kuwa kazi hiyo ilikuwapo tangu karibu karne ya tano au ya sita, yaani zaidi ya miaka elfu moja kabla ya misafara ya Waarabu na Wazungu kupita njia hiyo kuelekea Ujiji. Bila vigae vile, historia ya chumvi ya Uvinza ingeanza na maandishi ya wageni.

Hata hivyo, sheria ina pengo linalogusa Uha moja kwa moja. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda moja kwa moja masalia na majengo yaliyotangulia mwaka 1863. Ya baadaye huhitaji kutangazwa rasmi na waziri mwenye dhamana. Kwa hiyo Heru, ambako Mwami Theresa Ntare alitawala katika miaka ya 1950, haiwezi kulindwa kwa umri peke yake katika sehemu zake za karne ya 20.

Aidha, uchimbaji wenyewe ni uharibifu, kwani tabaka likishaondolewa halirudishwi. Ndiyo sababu sheria hutaka kibali, na watafiti makini huacha sehemu ya eneo bila kuguswa. Anayechimba usiku akitafuta hazina inayodaiwa kufichwa na Wajerumani huharibu yote kwa mara moja, na mara nyingi hutoka mikono mitupu.

Kuhusu kuonyesha, si lazima kila kitu kiachwe wazi. Nyayo za Laetoli, zilizogunduliwa mwaka 1978, zilifukiwa upya miaka ya 1990 ili mizizi na mvua visiziharibu, na wageni wakaonyeshwa nakala. Uha nayo haihitaji jumba kubwa la makumbusho ili kuanza. Bango lenye maelezo ya Kiswahili na Kiha, kabati la vigae katika shule ya jirani na mzee anayelifahamu hame hilo vinatosha kumfanya mtoto aelewe kuwa historia haikuanzia Ujiji siku Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871.

Barabara na mashamba mapya vinahitajika, na hakuna anayetaka maendeleo yasimame. Lakini kupita na daftari mbele ya katapila huchukua siku chache tu. Kwa mwananchi wa kawaida wajibu ni mdogo zaidi: akikuta vigae vingi au mavi ya chuma, asivihamishe, akumbuke mahali, atoe taarifa kwa uongozi wa kijiji au wilaya. Kigae kilichobaki mahali pake bado kinaweza kuzungumza.