Matatu hubadilika hesabu ikiruhusu

Abiria anayepanda matatu ya 111 pale Embulbul, karibu na Ngong, kwenda mjini Nairobi kupitia Karen akikosa pesa taslimu huuliza nambari ya simu, akatuma nauli kwa simu, akamwonyesha utingo ujumbe. Hakuna anayeshangaa. Lakini serikali ya Kenya ilipoagiza nauli zisilipwe taslimu mwaka 2014, wengi katika sekta ya matatu waligoma kuitika. Tofauti ni nani anayepokea pesa.

Si kwamba biashara hii ni nzito kubadilika. Kanuni za waziri wa uchukuzi John Michuki zilipoanza Februari 2004, magari mengi yaliegeshwa, watu wakakanyaga lami kwa miguu, kisha matatu zikarudi na mikanda, mstari wa manjano na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Wengi husema ulikuwa woga wa Michuki. Woga ulikuwepo, ila mkanda huonekana na polisi akiwa kando ya barabara, na gharama yake ilitupiwa abiria kwa nauli kupanda. Mgao wa jioni haukuguswa.

Mgao huo ndio roho ya biashara. Mwenye gari hutaja hesabu ya siku. Dereva na utingo wakishatoa mafuta, ada za steji, wapiga debe na "kitu kidogo" cha barabarani, kinachobaki ni chao. Kanuni za 2014 za mamlaka ya usafiri, NTSA, zilidai kila gari liwe chini ya sacco au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Wamiliki walijiandikisha, majina ya sacco yakachorwa ubavuni, na jioni hesabu ikapelekwa kwa mwenye gari kama zamani. Kadi ya nauli iliyotakiwa kuchukua nafasi ya pesa taslimu ingeanika kila shilingi mbele ya mwenye gari na, bila shaka, mtoza ushuru. Kadi ya BebaPay ya Google na benki ya Equity, iliyozinduliwa 2013, ilifungwa 2015.

M-Pesa ya Safaricom, iliyoanza 2007, ilipenya bila amri. Corona ilipoingia Machi 2020, Safaricom iliondoa kwa muda ada ya kutumiana pesa hadi shilingi 1,000, na nauli ya Ngong haifiki huko. Pesa ikiingia kwenye simu ya utingo au dereva, mwenye gari haoni zaidi ya alivyokuwa akiona.

Sasa kuna mabasi ya umeme. Kampuni ya BasiGo ilianza Nairobi mwaka 2022 na magari yaliyoendeshwa na kampuni za Citi Hoppa na East Shuttle. Mwenye basi hutoa sehemu ya bei, kisha hulipia betri na chaji kwa kila kilomita. Kwa hiyo kilomita za siku zinajulikana kabla utingo hajaleta chochote, na kutoka kilomita hadi idadi ya safari ni hesabu ya kugawanya tu. Sijasikia makundi ya madereva yakilalamika kuhusu hilo, labda kwa sababu mabasi hayo bado ni machache.