Programu ya bure iliyoteka kompyuta kuu

Uhawilishaji wa teknolojia, yaani kuyafikisha matunda ya utafiti viwandani, kwa kawaida hupimwa kwa idadi ya hataza na mapato ya leseni, kipimo ambacho kingeipita bila kuiona kazi iliyoenea kuliko nyingi: programu ya MPICH, iliyoandikwa na wataalamu wa hisabati na kompyuta wa Argonne, maabara ya taifa ya Marekani iliyo karibu na Chicago.

Kompyuta kuu ni maelfu ya vichakataji vinavyogawana hesabu moja, na kwa kuwa kumbukumbu zao zimetengana, havina budi kupashana ujumbe. Katika utabiri wa hali ya hewa, kichakataji kinachoshughulikia anga la eneo moja hungoja data za upepo na joto la mpakani kutoka kwa jirani yake ndipo kiendelee. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kila kampuni ilikuwa na amri zake, hata mtafiti aliyehamia mashine nyingine akalazimika kuandika upya sehemu ya programu yake. Watafiti na watengenezaji walipokaa kutunga kanuni sanifu za kupashana ujumbe, ziitwazo MPI, zilizotolewa mwaka 1994, William Gropp na Ewing Lusk wa Argonne, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Mississippi State, walizitekeleza kadiri zilivyoandikwa, ili kifungu kisichotekelezeka kijulikane mapema.

Kilichowavuta wenye viwanda hakikuwa bei pekee. Tabaka la juu la MPICH lilibeba kanuni zote bila kutegemea mashine yoyote, na la chini, lililo jembamba, ndilo lililoshughulika na vifaa vya mtandao. Kampuni ilichukua la juu kama lilivyo, ikajiandikia la chini, na leseni haikuitaka ifichue ilichoongeza. Sharti hilo lingewekwa, huenda kampuni nyingi zingejitenga. IBM, Cray, Intel na Microsoft zote zilijenga matoleo yao juu ya msingi huo, na maabara, ambayo ni mnunuzi wa mashine hizohizo, ilifaidika kwa namna isiyoonekana katika daftari la mapato: Aurora, kompyuta kuu ya Argonne iliyoundwa na Intel na HPE, hutumia toleo la MPICH lililoandaliwa na wahandisi wa Intel na wa maabara kwa pamoja.

Uhuru huo ulizaa kero yake. Matoleo yalitofautiana kwa ndani, hivyo programu iliyokwisha kutafsiriwa katika lugha ya mashine kwa toleo la kampuni moja haikuweza kuendeshwa kwa toleo la nyingine mpaka itafsiriwe upya, usumbufu mkubwa kwa wanaouza programu bila kutoa msimbo wake. Mwaka 2013 Argonne, Intel, Cray na IBM walitangaza makubaliano ya kuyafanya matoleo yao yapokezane, nao washindani wakabaki kushindania kasi.