Ushindi wa Siku Moja na Ushindi wa Majuma Matatu

Tarehe 20 Mei 1985 mtoto wa Kizungu alizaliwa mjini Nairobi, akaitwa Christopher Froome. Siku ya pili yake, tarehe 21 Mei, mtoto mwingine alizaliwa katika Kisiwa cha Man, kilichoko baina ya Uingereza na Ireland, naye akaitwa Mark Cavendish. Watoto hao walipokuwa watu wazima wote wawili walifanya kazi ya kushindana kwa baiskeli, na kila mmoja alijipatia sifa kubwa katika mashindano ya kuizunguka nchi ya Ufaransa, ambayo Wafaransa wenyewe huyaita Tour de France.

Cavendish alishinda siku 35 katika mashindano hayo, na hivyo mwaka 2024 aliipita hesabu ya siku 34 iliyowekwa na Mbelgiji mashuhuri Eddy Merckx. Froome alishinda siku 7 tu. Walakini Froome ndiye aliyetangazwa kuwa mshindi wa mashindano yote mara nne, yaani mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Na Cavendish hakupata heshima hiyo hata mara moja.

Mtu asiyeujua mchezo huu ataona ajabu. Yawezekanaje mtu kushinda siku nyingi kuliko wote, kisha asiwe mshindi? Jibu lake limo katika hesabu ya saa, na katika tofauti iliyopo baina ya barabara ya tambarare na barabara ya mlima.

JINSI HESABU INAVYOFANYWA

Mashindano haya yalianzishwa mwaka 1903 na gazeti moja la Paris lililoitwa L'Auto, ambalo lilitaka kupata wasomaji zaidi. Mwaka huo njia iligawanywa katika hatua 6, na urefu wake ulikuwa zaidi ya kilometa 2,400. Watu 60 waliondoka, na 21 tu ndio waliofika mwisho. Siku hizi hatua ni 21, nazo huendeshwa kwa muda wa siku 23, pamoja na siku mbili za kupumzika. Urefu wa njia ni kama kilometa 3,400, umbali ulio karibu sawa na kwenda kutoka Mombasa hadi Kampala, kurudi Mombasa, kisha kwenda Kampala tena.

Kila siku saa aliyotumia kila mtu huandikwa. Jioni saa za siku hiyo hujumlishwa na zile za siku zilizotangulia, kama karani ajumlishavyo daftari la fedha. Yule ambaye jumla yake ni ndogo kuliko zote huvaa fulana ya manjano, ambayo ilianza kuvaliwa mwaka 1919. Rangi hiyo ni ile ya karatasi za gazeti la L'Auto. Basi mshindi wa mashindano si lazima awe mtu aliyetangulia mara nyingi, bali ni yule aliyepoteza wakati mchache kuliko wenzake wote. Mmarekani Greg LeMond alishinda mwaka 1990 bila kutangulia hata siku moja, na Froome alifanya vivyo hivyo mwaka 2017. Tena LeMond huyo huyo, mwaka 1989, alimshinda Mfaransa Laurent Fignon kwa sekunde 8 tu baada ya majuma matatu na zaidi ya kilometa 3,200.

SIKU YA TAMBARARE

Msomaji aliyepata kuendesha baiskeli dhidi ya upepo anajua kwamba upepo ni mzigo usioonekana. Mtu aendaye kwa mwendo wa kilometa 40 kwa saa hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kuisukuma hewa iliyo mbele yake. Lakini akijificha nyuma ya mwenzake hupunguziwa kazi hiyo, na akiwa katikati ya kundi kubwa hupunguziwa zaidi, hata huweza kwenda mwendo ule ule kwa nguvu chache sana.

Kwa sababu hiyo siku ya tambarare watu huenda pamoja, mia na zaidi katika kundi moja, magurudumu yakikaribia kugusana. Asubuhi watu wachache hujitenga na kukimbia mbele, na kundi huwaacha waende. Hii si huruma. Wakubwa wa timu wanajua kwamba watu wanne au watano hawawezi kugawana kazi ya upepo kama watu mia wawezavyo. Desturi ya hesabu yao ni kwamba kundi lenye nia laweza kurudisha dakika moja katika kila kilometa kumi. Basi huwaachia dakika tatu au nne, halafu jioni huanza kuwafuata, na mara nyingi huwakamata mji wa mwisho unapokwisha kuonekana.

Ndipo huja kazi ya watu kama Cavendish. Timu yake humpangia watu mstari mmoja mbele yake. Wa kwanza huvuta kwa nguvu zake zote mpaka zikamwishia, akajitoa kando. Wa pili hushika zamu, kisha wa tatu. Mwisho, zikiwa zimebaki meta 200 au zaidi kidogo, Cavendish mwenyewe hutoka nyuma ya mgongo wa mwisho na kufyatuka kama mshale, kwa mwendo wa kilometa 70 kwa saa au hata kuzidi. Watu humshangilia yeye, lakini waliompeleka pale ni wengine, ambao majina yao hayaandikwi kwa herufi kubwa.

Hata hivyo ushindi huo haubadili sana hesabu ya saa. Watu wote wafikao katika kundi moja huandikiwa saa moja, kuanzia wa kwanza mpaka wa mia. Mshindi wa siku hupunguziwa sekunde 10 tu. Tena ni desturi kwamba mtu akianguka katika kilometa chache za mwisho siku ya tambarare, huandikiwa saa ya kundi alilokuwamo. Ndiyo maana katika siku ya tambarare mtu anayetaka fulana ya manjano hatafuti kushinda. Anatafuta kutoanguka, kutopasukiwa na mpira mahali pabaya, na kutoachwa nyuma upepo wa ubavuni ukilikata kundi vipande vipande.

SIKU YA MLIMA

Milima mirefu iliingizwa katika mashindano mwaka 1910, wapandaji walipopelekwa kuivuka Pirenei kupitia njia ya Tourmalet, yenye urefu wa meta 2,115 juu ya bahari. Mwaka uliofuata waliivuka Alpi kupitia Galibier, iliyo juu zaidi. Barabara zilikuwa za mawe na matope, na sheria zilikuwa ngumu. Mwaka 1913 Mfaransa Eugène Christophe, aliyekuwa miongoni mwa watu wa mbele, alivunjikiwa na uma wa gurudumu lake akishuka Tourmalet. Kwa kuwa sheria ilikataza msaada wowote, aliibeba baiskeli yake begani akatembea zaidi ya kilometa kumi mpaka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia katika karakana ya mhunzi, akaufua uma huo kwa mikono yake mwenyewe huku waamuzi wakimtazama. Alipoteza saa kadhaa. Zaidi ya hayo aliadhibiwa kwa kuongezewa dakika, kwa kuwa kijana mmoja alimsaidia kuvukuta moto.

Siku hizi barabara ni za lami na gari la timu huleta baiskeli nyingine, lakini mlima ni ule ule. Mfano mashuhuri ni ule wa Alpe d'Huez, uliotumiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1952, Mtaliana Fausto Coppi aliposhinda. Urefu wa barabara yake ni kilometa 13.8, ina kona 21, na katika kila meta 100 hupanda meta 8 na kitu. Mahali kama hapo mwendo hupungua sana, na upepo haudhuru kama ulivyodhuru tambarare. Kwa hiyo kujificha nyuma ya mwenzako hakukupi faida kubwa tena. Sasa adui ni uzito.

Mtu wa mbio za mwisho huwa na mapaja manene na mwili wa kilo 75 au zaidi. Mpanda mlima hodari mara nyingi huwa na kilo 60 na kitu. Tofauti hiyo inakaribia debe moja la mahindi. Mkulima aliyewahi kupandisha debe la mahindi kilimani kwa baiskeli ataelewa mara moja kwa nini kundi lililokuwa la watu mia asubuhi hubaki watu kumi, kisha watano, kisha wawili. Hapa hakuna sheria ya kuandikiwa saa moja itakayomfaa mtu, maana kila mmoja hufika peke yake, na tofauti si ya sekunde bali ya dakika nyingi.

Huko nyuma watu wa tambarare nao wana vita yao. Sheria huweka kikomo cha saa, na afikaye baada ya kikomo huondolewa. Basi wale wazito hujikusanya wakawa kundi moja, wakasahau ushindani wao, wakasaidiana mpaka mwisho wa njia. Mwaka 2018 Cavendish alichelewa katika hatua ya milimani iliyoishia La Rosière, akaondolewa. Wengi walidhani kwamba habari yake imekwisha. Lakini alirudi, na tarehe 3 Julai 2024, akiwa na umri wa miaka 39, alipata ushindi wake wa 35.

MWAKA 2016

Mwaka ulioonyesha wazi zaidi tofauti ya watu hao wawili ni 2016. Cavendish alishinda hatua ya kwanza, akavaa fulana ya manjano kwa siku moja, kisha akashinda hatua nyingine tatu. Halafu aliyaacha mashindano kabla ya siku za mwisho za Alpi ili ajitayarishe kwa michezo ya Olimpiki. Froome alishinda hatua mbili tu, lakini alikuwapo mpaka Paris, naye ndiye aliyeshinda.

Nusura ushindi huo umpotee tarehe 14 Julai katika mlima wa Ventoux. Mlima huo una sifa ya kutisha: mwaka 1967 Mwingereza Tom Simpson alianguka na kufa karibu na kilele chake, kwa sababu ya joto kali, uchovu, na dawa za kuongeza nguvu alizokuwa amezitumia. Froome aliujua vizuri, kwa kuwa alishinda hatua iliyoishia huko mwaka 2013. Mwaka 2016 upepo ulikuwa mkali hata ikabidi mwisho wa njia uletwe chini, mahali paitwapo Chalet Reynard. Watazamaji walijaa barabarani, wakaizuia pikipiki iliyokuwa mbele ya wapandaji. Ilisimama ghafula, na watu watatu, Froome akiwa mmoja wao, wakaigonga na kuanguka. Baiskeli yake ilivunjika, na gari la timu yake lilikuwa limezuiliwa mbali nyuma na umati.

Froome, amevaa fulana ya manjano, aliiacha baiskeli akaanza kupanda mlima mbio kwa miguu. Wengine walicheka, lakini yeye alijua kwamba saa haisimami kwa sababu mtu ameanguka. Baadaye alipewa baiskeli isiyomfaa, kisha akaletewa nyingine ya timu yake, akamaliza. Jioni waamuzi waliona kwamba kosa halikuwa lake, wakamrudishia wakati wake, na fulana ikabaki mwilini mwake.

Watu wa Kikuyu walipata sababu ya kufurahi, maana katika ujana wake Froome alijifunza mchezo huu huko, chini ya David Kinjah, Mkenya aliyekuwa mwalimu na kiongozi wa vijana wa baiskeli. Aliendesha kwa jina la Kenya, kama vile katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Melbourne mwaka 2006, kabla ya kuhesabiwa kuwa wa Uingereza mwaka 2008.

MTU WA ASMARA

Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya mashindano haya hakuipata heshima hiyo mlimani, ingawa alizaliwa katika mji ulio juu sana. Huyu ni Biniam Girmay wa Asmara, Eritrea. Tarehe 1 Julai 2024 alishinda mbio za mwisho mjini Turin, baada ya hatua ndefu ya zaidi ya kilometa 230, kisha akashinda mara mbili tena katika siku zilizofuata. Alivaa fulana ya kijani, ambayo hupewa mtu mwenye alama nyingi za kufika mbele.

Lakini alama za tambarare hazina faida kwa mtu asiyefika mwisho. Tarehe 16 Julai, karibu na mwisho wa hatua ya Nîmes, Girmay alianguka na kuumia, na mpinzani wake Jasper Philipsen akashinda siku hiyo, akamkaribia. Mbele yake ilikuwa imebaki Alpi. Siku baada ya siku alipanda akiwa na majeraha, nyuma kabisa ya wale waliogombea fulana ya manjano, asipate kushangiliwa kwa ushindi wowote, ila kujitahidi tu kufika kabla ya kikomo cha saa. Tarehe 21 Julai alifika Nice, fulana ya kijani ikiwa yake.

Hivyo mtu wa mbio za mwisho aliupata ushindi wake tambarare, lakini alilazimika kuulinda mlimani. Naye mtu wa mlima, kama Froome, hawezi kufika mlimani akiwa na nguvu ila amekingwa upepo tambarare na wenzake. Haba na haba hujaza kibaba. Na katika mashindano haya sekunde iliyopotezwa siku ya kwanza huhesabiwa sawasawa na sekunde ya siku ya mwisho.