Fundi wa Udi na Mikono ya Wenziwe

Nilimkuta barazani kwake, Mji wa Kale, Mombasa, baada ya sala ya alasiri, udi umelala pajani akiutia uzi mpya mahali pa uliokatika. Jina lake sitalitaja. Mwenyewe ameniomba hivyo, kwa kuwa wajukuu wake wanasoma madrasa naye hapendi waulizwe na wenzao habari za babu yao na vinanda. Mimi nami ni mtoto wa chuo. Najua ulamaa walivyohitilafiana katika jambo hili tangu zamani, wala si kazi ya ukurasa huu kuwapatanisha.

Mzee huyu, anayekaribia miaka 80, amepiga udi katika harusi za pwani kwa zaidi ya miaka arubaini, Mombasa, Malindi hata Lamu. Hakupata kuwa mwimbaji. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma, baina ya fidla na dumbaki, na waendao kutunza wakipita mbele yake bila kumtazama. Nilipomwuliza kama hayo yalimwudhi, alicheka. Tuzo ni za mwimbaji, alisema. Tuzo yake yeye ni mwimbaji asigeuke. Mwimbaji akigeuka kumtazama mpigaji, ujue pana jambo limeharibika.

Sikio lake, asema, lilifunguliwa chuoni. Kabla hajashika risha alikwisha kula bakora nyingi kwa kufupisha madda na kusimama pasipo waqfu. Ndipo alipojua kuwa sauti ina kipimo, na kwamba avutaye pasipo mahali pake huharibu maana. Nikamwambia sisi washairi twalijua hilo kwa mizani: mshororo wa mizani kumi na sita, mwimbaji akimeza moja tu, shairi limeshapinda mgongo.

Lakini ujana ni ujana. Katika miaka ya 1960 santuri za Misri zilimtia wazimu, hasa za Farid al-Atrash, bingwa wa udi aliyefariki mwaka 1974. Alizisikiliza mpaka zikachakaa, akiyaiba mataqsimu yake, yaani yale mapigo ya mpigaji peke yake, bila ngoma, akitembea ndani ya maqamu na kutoka. Wizi huo si mwepesi. Shingo ya udi haina vigawanyo kama gitaa; ni sikio tu liambialo kidole pa kukaa.

Usiku mmoja harusini aliachiwa afungue wimbo. Wenziwe walitaraji apige kwa muda wa kunywa finjani moja ya kahawa. Yeye akamwaga kila alichoiba. Akaanza Bayati, akaingia Rasti, akavuka Hijazi, kisha njia ya kurudi ikampotea. Mwimbaji kamgeukia. Kina mama wakaanza mazungumzo yao. Ndipo mpiga fidla, mtu mzima, alipoishika sauti moja ya msingi akaivuta kwa upinde, taratibu, mpaka kijana akaisikia na kurudi nyumbani. Waliohudhuria wakadhani ndivyo wimbo ulivyotungwa.

Baadaye, wakila biriani, yule mzee wa fidla hakumkemea. Alimwuliza tu: "Na mkono wako wewe uko wapi?"

Mpaka leo humsifu huyo kuliko Farid.

Tukaingia kwa wakubwa wetu. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, na Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2016, Mungu awarehemu, wote wawili waliimba tungo za Ahmad Nassir, yule wa Malenga wa Mvita. Juma Bhalo alizivika sauti za Kihindi, kwa harimuni na tabla. Zein alizipeleka upande wa Uarabuni kwa udi. Mji ulikuwa na watu wa huyu na watu wa yule, na mzee wangu kwa kazi yake ungemdhania wa Zein tu. Sivyo. Sauti ya Juma Bhalo, asema, ilikuwa ikilia kabla ya neno kufika, na juu ya kilio hicho chote kina hakikumezwa. Na Zein? Hapo alinyamaza kidogo. Koo likikoma, udi huumalizia mshororo, kisha nao hunyamaza. Miaka thelathini ameyajaribu hayo. Mapigo aliyapata. Ule unyamavu haukukubali.

Siku hizi harusi nyingi hukodi kinanda cha umeme chenye ngoma zake ndani. Yeye hana kinyongo, na yupo kijana mmoja wa kinanda hicho ambaye humwendea kumsikiliza, kwa kuwa hujua kumngoja mwimbaji. Mimi sina subira hiyo. Shairi lililozamishwa na kelele naliona kama barua iliyomwagiwa maji.

Maghribi ilikuwa imekaribia. Uzi mpya umekaa, naye akawa anaujaribu polepole. Mjukuu wake mdogo akatokea madrasa, juzuu kwapani, akatuamkia "Shikamoo babu", akapita. Mlangoni akasimama.

"Babu, huo uko chini."

Mzee hakumjibu. Aliukaza uzi kidogo, akaupiga tena, kisha akanitazama.