Motokaa Ikivuma, Isikilizwe

Wengi wetu hatuna motokaa, lakini karibu sote twapanda. Twapanda basi kwenda mjini, pikapu kwenda harusini, gari la parokia kumpeleka mgonjwa. Tena wako vijana wetu walio madereva na mafundi. Kwa hiyo yafaa sote tujue maana ya sauti moja ambayo watu huizoea upesi mno, nayo ni mvumo.

Mvumo si mgongano wa chuma kwa chuma. Ni kama nyuki mzingani: huanza taratibu, hukua kadiri gari liendavyo mbio, na gari likisimama hunyamaza. Dereva huufunika kwa redio, abiria husinzia. Lakini ikiwa umetoka katika beringi ya gurudumu, kila safari beringi hiyo yazidi kulika, na mwisho gurudumu laweza kukwama au kuchomoka, na nyuma watu wamejaa.

Kuutafuta si rahisi, maana bodi ya gari hupeleka sauti huku na huku kama ngoma. Gari la parokia yetu, libebalo Padre kwenda vigangoni na kina mama wajawazito kwenda hospitali, lilianza kuvuma baada ya masika. Mmoja alisema ni matairi, wa pili difu, wa tatu injini. Kama wote wangalisikilizwa, fedha ya parokia ingalikwisha kwa kubadili vyuma vizima. Fundi mmoja mzee hakufungua nati hata moja. Kwanza aliliuliza gari maswali, moja moja.

Swali la kwanza: ni injini? Barabarani, mahali tambarare pasipo watu, dereva akanyage klachi na kuachia mafuta, injini itulie. Mvumo ukikoma papo hapo, utafutwe upande wa injini. Ukiendelea kufuata mwendo wa gari, injini haina hatia. Lakini injini isizimwe kamwe gari likiwa mwendoni, kwani usukani na breki huweza kuwa vizito ghafula.

Swali la pili: ni matairi? Mvumo wa tairi hubadilika gari litokapo lami na kuingia barabara ya udongo. Gari likiwa limesimama, pitisha kiganja juu ya tairi. Ukihisi meno kama ya msumeno, limelika vibaya. Matairi ya matopeni, yenye meno makubwa, huvuma hata yakiwa mapya.

Swali la tatu: ni difu? Hiyo mara nyingi hubadili sauti dereva akanyagapo mafuta na aachiapo. Kabla ya kuifungua, itazamwe kama ina oili ya kutosha.

Swali la nne: ni gurudumu lipi? Gari likipindishwa polepole kushoto, uzito hulalia magurudumu ya kulia. Mvumo ukizidi hapo, shuku beringi ya kulia. Likipindishwa kulia na mvumo ukazidi, shuku ya kushoto.

Gari letu lilivuma zaidi likipinda kushoto. Basi magurudumu mengine yakawekewa mawe, jeki ikainua upande wa kulia, wala hakuna aliyeingia chini ya gari. Fundi alishika gurudumu la mbele juu na chini, akalitikisa: likacheza. Akalizungusha kwa mkono: likakwaruza kama jiwe la kusagia. Alipofungua, grisi ilikuwa nyeupe kama uji. Sili ilikuwa imechakaa, na maji ya mito tuliyoivuka yalikuwa yameingia. Zikatiwa beringi mpya, sili mpya na grisi safi. Difu na injini hazikuguswa.

Magari si sawa yote. Mengi ya kazi za shamba na safari, kama Land Cruiser za zamani, beringi zake za mbele hufunguliwa, huoshwa na kutiwa grisi upya kabla hazijaharibika. Magari madogo mengi ya siku hizi beringi yake imefungwa kabisa. Ikianza kuvuma, hutolewa nzima na kuwekwa nyingine.

Na wewe abiria una kazi yako. Dereva ameketi mbele, pengine hasikii kilichoko nyuma. Mwambie kwa adabu: "Ndugu dereva, huku nyuma pana mvumo." Asikuone mchokozi, na wewe usione haya. Wengi hubandika kiooni picha ya Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa wasafiri. Ni desturi njema. Lakini atuombeaye kwa Mungu hatuondolei wajibu wa kutazama magurudumu, maana roho za watu tumekabidhiwa sisi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ufa wa motokaa huanza kwa mvumo.