Je, Wajua? Mpelelezi Aliyeua Kadi za Mtandao

Je, wajua kuwa kila kadi ya mtandao hutoka kiwandani na namba yake? Namba hiyo ina biti 48, kwa hiyo namba zinazowezekana ni zaidi ya trilioni 281! Hukaa kwenye kumbukumbu ndogo ndani ya kadi yenyewe. Iweke akilini kumbukumbu hiyo, tutaihitaji.

Anayeiamuru kadi ipokee au itume ni draiva, kipande cha programu ndani ya mfumo endeshi. Na kazi yake si mchezo: kwenye waya wa gigabiti 1, pakiti ndogo kabisa zinaweza kuingia 1,488,000 kwa sekunde moja! Hebu jaribu kuzihesabu.

Je, wajua wapi makosa hujificha zaidi? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliuchambua mfumo endeshi wa Linux, na mwaka 2001 wakatoa majibu: aina fulani za makosa zilikuwa nyingi hadi mara 3 mpaka 7 kwenye draiva kuliko kwingine.

Lakini kisa cha mwaka 2008 ndicho kiboko. Matoleo ya majaribio ya Linux 2.6.27 yalianza kuua kadi za Intel zinazotumia draiva ya e1000e. Si kuzigandisha, kuziua! Ile kumbukumbu yenye namba ilivurugika. Unazima kompyuta, unawasha, kadi haitambuliki tena. Lawama zikaenda kwa nani? Kwa draiva, bila shaka. Wengine wakaishuku hata draiva ya picha.

Mhalifu alikuwa ftrace, chombo cha kuipeleleza Linux yenyewe! Hunakili anwani za amri zilizomo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kisha hurudi kuzibadilisha. Sasa sikia: baadhi ya amri hutumika mara moja tu wakati draiva inapakiwa, halafu hufutwa na anwani zake hupewa mwingine. Ftrace haikuambiwa kuwa mwenyeji kahama. Ikarudi kwa anwani ileile, ikaandika, kumbe aliyehamia ni kumbukumbu ya kadi!

Utamu uko hapa: kabla mhalifu hajajulikana, draiva ilishawekewa kufuli ili kumbukumbu ya kadi isiandikike ovyo. Toleo la 2.6.27 likatoka Oktoba 9 na kufuli hilo. Siku 6 baadaye, 2.6.27.1 likaizima sehemu ile ya ftrace. Yaani draiva ilirekebishwa kwa kosa isilolitenda!

Je, wajua kosa la namna hii husakwa vipi? Tuseme programu ina mabadiliko 1,000 na moja kati yake ndilo bovu. Amri ya bisect ya Git, chombo cha kutunza historia ya mabadiliko, hukata katikati kila mara, na majaribio 10 hivi yanatosha. Kwa mabadiliko 1,000,000 ni 20 tu! Ila mwaka ule, kila jaribio lililokumbana na hitilafu lingeweza kula kadi nzima. Wewe ungejitolea yako?

Na hii je? Mwaka 2013 fundi mmoja wa Marekani aligundua pakiti iliyoweza kuizima kadi ya Intel 82574L mpaka umeme ukatwe na kurudishwa. Intel ikasema chipu ni nzima. Mtengenezaji mmoja wa bodi ndiye aliyeijaza mipangilio isiyo sahihi. Sumu yenyewe ilikuwa tarakimu ‘2’ ikikaa mahali maalumu ndani ya pakiti. Ukitanguliza pakiti yenye 4 mahali palepale, kadi inachanjwa: hiyo 2 ikija baadaye, haiifanyi kitu!